NOTISI YA KIKOHOZI IMEWASAHAU WAPISHI



Muhula huu ulipoanza notisi ilibandikwa kwenye milango ya mabweni, kwenye maktaba, na ukutani pale mesi wanafunzi wanapopanga mstari wa chakula. Imeandikwa kwa Kiingereza, ukurasa mmoja, na katibu wa tawi letu ameisoma yote na kututafsiria. Yasema kwamba mwanafunzi akiwa na homa, kikohozi au mafua asiende darasani, abaki chumbani mpaka homa imwache kwa saa 24 bila kumeza dawa ya kuishusha, avae barakoa akitoka, afungue dirisha, aijulishe zahanati ya chuo, na mwalimu asimnyime nafasi ya kufanya mtihani wake baadaye. Mwishoni yasema mwanafunzi mgonjwa aweza kuomba aletewe chakula mlangoni.

Hatuna ugomvi na maneno hayo. Ni maneno ya busara, na aliyeyaandika alitaka watoto wa watu wasiambukizane. Lakini tulipofika kwenye neno la chakula tulitazamana. Chakula hakina miguu. Mtu atakipakua, mtu atakipandisha ngazi mpaka orofa ya nne, mtu atarudi kuchukua sahani na mtu ataiosha. Kisha mwingine atafagia chumba kile na kubeba mashuka kwenda kuyafua. Hao wote ni sisi, na katika ukurasa ule mzima hatukutajwa hata mara moja.

Wajumbe wetu walikwenda ofisini kuuliza. Walijibiwa kwa upole kwamba notisi ni ya wanafunzi, kwamba wafanyi kazi wa kudumu wana taratibu zao, na kwamba vibarua ni shauri la kontrakta. Kontrakta naye alipoulizwa alisema chuo hakijampa fungu la kulipia wagonjwa. Basi mambo yameishia hapo, katikati ya meza mbili.

Twataka wenzetu waelewe jinsi magonjwa haya yanavyokwenda, maana wakubwa wengi bado wanafikiri kama mwaka 2020. Mwenye homa ya mafua aweza kuwaambukiza wengine tangu siku moja hivi kabla hajajisikia mgonjwa, na mwenye korona tangu siku mbili hivi kabla. Akikohoa, akizungumza, hata akipumua tu, hutoa chembe ndogo sana zenye ugonjwa, na katika chumba kilichofungwa chembe hizo huelea hewani. Sasa fikirini mesi yetu saa saba mchana. Mvuke wa masufuria umejaa, madirisha ya upande wa nyuma yamepigwa misumari tangu wezi walipoingia, na mpishi amesimama mahali pamoja kwa saa mbili akipakua, huku mamia ya wanafunzi wakimpitia mmoja mmoja na kila mmoja akimwambia aongeze mchuzi. Huyo aweza kuupata ugonjwa kwa wengi na kuwapa wengi. Kumlinda mwanafunzi darasani na kumwacha mpishi ni sawa na kuezeka nusu ya nyumba.

Mwaka jana, wakati wa baridi ya Julai, mama mmoja wa jikoni alikohoa siku nne akiwa kazini. Yeye ni kibarua, na hulipwa kwa siku aliyofanya kazi. Siku ya pili alimwambia nyapara kwamba kifua kinamwuma na mwili unamtetemeka. Nyapara hakumfukuza wala hakumtukana, alimwambia tu ukweli: akienda nyumbani leo, leo haina pesa, na kesho nafasi yake huenda ikawa na mtu mwingine. Mama yule ana watoto watatu. Alijifunga leso kichwani akarudi kwenye sufuria. Wiki iliyofuata watu watano wa jikoni walikuwa wakikohoa, na mabweni mawili yalikuwa na wagonjwa. Hatusemi yeye ndiye aliyewaambukiza, labda yeye mwenyewe aliambukizwa kwenye mstari. Twasema kwamba hakuna notisi yoyote duniani ingemfanya abaki nyumbani siku ile, hata ingeandikwa kwa wino wa dhahabu, kwa sababu hakukosa habari. Alikosa mshahara wa siku nne.

Na sheria iko. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, yasema mfanyi kazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo kwa mwajiri wake ana haki ya kupumzika akiugua, siku zisizopungua 7 kwa mshahara kamili na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12, mradi alete cheti cha daktari au cha mwenye zahanati. Wakubwa watasema kibarua si mtu wa namna hiyo. Wasome mbele kidogo, kifungu cha 37. Kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo ambazo zikijumlishwa zinatimia mwezi mmoja huhesabiwa kama mtu wa mshahara wa mwezi, na akiendelea mpaka miezi miwili tangu alipoanza anapata haki zile zile ambazo angepata kama asingeandikwa kibarua. Mahakama ya kazi ina uwezo wa kuamua hivyo. Baadhi ya vibarua wetu wako jikoni mwaka wa tano sasa. Wengine huambiwa wapumzike siku mbili tatu mwisho wa mwezi halafu warudi, na sasa mnaelewa ni kwa nini wanaambiwa hivyo.

Tukumbuke pia yale ya mwaka 2020, maana notisi hii imezaliwa huko. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi, na siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kufungwa kwa shule na vyuo. Wanafunzi walibeba masanduku yao wakaenda kwao. Vibarua wa jikoni waliambiwa waende nyumbani wangoje kuitwa, na walingoja miezi. Askari wa mlangoni walibaki wakilinda majengo matupu. Chuo kilipofunguliwa tulikuta mitungi ya maji na sabuni kila mlango, kipima joto cha kuelekezwa kwenye paji la uso, na wafagiaji wakapewa mabomba ya kunyunyizia dawa vijiani na kwenye kuta. Wenzetu walinyunyiza dawa ile kali macho yakiwachoma. Kumbe mwezi wa Mei mwaka ule ule Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kusema kwamba kunyunyiza dawa barabarani hakushauriwi, na kumnyunyizia mtu ni hatari. Fedha zilimwagwa chini, na hewa ya mesi ikabaki vile vile. Mitungi ile bado iko, mikavu, na mmoja kuku wa wardeni hutagia ndani yake.

Kunawa mikono ni vizuri, hatulipingi, na mpishi asiyenawa hafai jikoni. Lakini misumari ile ya madirisha yaweza kutolewa kwa nyundo moja na asubuhi moja, na mahali pake pakatiwa vyuma vya kuzuia wezi. Jambo hilo tumeliomba mara mbili kwa barua.

Hata kwa wanafunzi wenyewe notisi haikutazama vyumba vilivyo. Yasema mgonjwa akae peke yake. Wafagiaji wetu wanajua kwamba chumba chenye vitanda viwili hulala watu wanne, maana wasio na nafasi hupokewa na wenzao. Huyo mgonjwa atakaa peke yake wapi? Chuo kitenge vyumba vichache katika bweni moja kwa ajili ya wagonjwa, na anayewahudumia apewe barakoa nzuri ya kubana uso, si kile kitambaa chepesi kilichogawanywa zamani.

Jambo jingine, na hili ni zito kuliko mafua. Notisi haikusema neno juu ya kifua kikuu. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kati ya kila watu wazima 100,000 nchini, 558 walikuwa na ugonjwa huo, na kwamba karibu wanne katika kila wagonjwa kumi walikuwa hawagunduliwi. Wanaume wa miaka 25 mpaka 34 ndio waliozidi, na huo ndio umri wa wabeba magunia na askari wetu wa usiku. Ndugu, kikohozi kinachopita wiki mbili, pamoja na jasho la usiku na kukonda, si mafua. Kapimeni makohozi. Hospitali za serikali hupima na kutoa dawa bila malipo, na dawa hunywewa miezi sita bila kukatiza. Kifua kikuu hakipiti kwa sahani wala kijiko, kwa hiyo msimtengee mwenzenu kikombe. Hupita kwa hewa. Aliyeanza dawa na kuzifuata vizuri hupunguza upesi kuwaambukiza wengine, na arudi kazini daktari akimruhusu.

Tusijisifu kupita kiasi. Na sisi tuna makosa. Wako wanachama waliochukua cheti cha ugonjwa wakaonekana siku ile ile wakiuza mahindi sokoni, na kila mmoja wa hao amempa mkubwa silaha ya kutupiga nayo sote. Wako wanaoficha kikohozi kwa aibu. Wako pia wanaofunga madirisha asubuhi kwa sababu ya baridi na kuyasahau mpaka jioni, hata yale yasiyopigwa misumari. Chama hakitamtetea mwenye cheti cha uongo.

Wazee wanakumbuka kwamba Tom Mboya, kabla hajawa katibu mkuu wa muungano wa vyama vya wafanyi kazi mwaka 1953, alikuwa inspekta wa afya katika Baraza la Jiji la Nairobi. Kwa hiyo mambo ya hewa, vyoo na majiko si mageni kwa vyama vya wafanyi kazi. Mkubwa asije akatuambia kwamba kikohozi ni shauri la madaktari peke yao.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka mahali penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, na wafanyi kazi wawe na wajumbe wao ndani yake. Ya kwetu haijaitwa kikao tangu mabweni yafunguliwe baada ya korona. Tumeandika barua kuomba iitwe kabla ya baridi kuanza, na kwamba notisi iandikwe upya kwa Kiswahili na Kiingereza, ikisema wazi kwamba mpishi, mfagiaji, dobi na askari akiugua atapumzika kwa mshahara, awe wa kudumu au wa kontrakta, na kwamba zahanati ya chuo itampima na kumpa cheti bila kumtoza. Mhazini wa chuo atasema hakuna fedha. Twajua vyuo vya serikali vina madeni makubwa, wala hatufanyi mzaha juu ya hilo. Lakini gharama ya siku nne za mama mmoja tumeiona Julai, na gharama ya jikoni nzima kukohoa tumeiona pia.

Vibarua wote waandike tangu leo siku wanazofanya kazi, tarehe kwa tarehe, na jina la nyapara wa zamu. Asiyejua kuandika aandikiwe na mwenzake. Barua ya kwenda kwa kontrakta itahitaji hesabu hizo, na daftari la kukusanya majina liko kwa mweka hazina wa tawi, nyuma ya stoo ya unga, kila siku baada ya saa tisa.