Cheti Hakitotoi Yai

Ndugu mfugaji, ndugu mfanyabiashara wa Mtendeni na vijiji vya jirani,

Najua umeupata ule ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya simu: mafunzo ya siku tatu ya ubunifu na kompyuta kwa wanaoanza, ukumbini, chai ipo, cheti kipo, kila kikundi kichangie. Wengi mmeniuliza kama mwende. Jibu langu ni hapana. Usiende, na mweka hazina wenu asitoe hela ya kikundi, mpaka waandaaji wakujibu swali moja: jioni ya siku ya mwisho nitabeba nini kwenda nacho nyumbani, ukiacha karatasi?

Sisemi hivi kwa kuwa naichukia kompyuta. Nataka mkulima ajue kuandika programu, tena mapema, kabla hajaanza kuuziwa kila kitu kikiwa kimefungwa kwenye boksi. Ila namna tunavyofundishwa ni ya kupotezeana muda.

Semina hizi tunazijua. Watu 60 kwenye viti vya plastiki, projekta ukutani, mtoa mada anasoma maneno ambayo tayari yameandikwa mbele yetu. Bodi moja ya elektroniki inapitishwa mkono kwa mkono kama picha ya bibi harusi. Kila mtu anaitazama, anaigeuza, anampa jirani. Siku ya tatu picha ya pamoja, vyeti, posho, kwaheri. Baada ya mwezi mwombe mwenye cheti akuwashie hata taa moja kwa ile bodi. Hawezi, na bodi yenyewe ilirudi mjini na wenyewe. Na sisi washiriki tuna kesi ya kujibu, maana swali letu la kwanza huwa "posho kiasi gani?" kabla hatujauliza tunafundishwa nini. Anayelipwa ili akae, atakaa.

Ufundi mkoani kwetu haukufundishwa hivyo. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyetoka Unyanyembe kwenda Bagamoyo na mzigo wa frasila mbili begani hakujifunza kufunga mzigo kwa kuelezwa. Aliufunga, ukamchubua, akaufunga upya. Na kama unataka kuona vifaa vikitangulia maarifa, waulize wazee wa Urambo walichosimuliwa na baba zao kuhusu mradi wa karanga. Waingereza waliuanza mwaka 1947 kwa matrekta na haraka, Kongwa, Urambo na Nachingwea, bila kujaribu kwanza kidogo waone udongo na mvua vinasemaje. Mwaka 1951 wakauacha. Matrekta peke yake hayakutosha.

Halafu kuna wanaosema programu si mambo ya mkulima, ni ya vijana wa Dar es Salaam wenye Kiingereza chao. Hao hawajawahi kukesha kwenye bani. Mkulima wa tumbaku wa Sikonge au Kaliua anaanza na nyuzi joto 35 hivi ili jani lipate rangi ya njano, anapandisha pole pole jani likauke, anamalizia kwenye nyuzi 70 na kidogo ili mshipa mkubwa wa jani nao ukauke. Usiku kucha anatazama kipimajoto na kuamua: joto likishuka hapa, ongeza kuni, likipita pale, punguza moto. Ndugu yangu, kazi hiyo ndiyo programu. Kilichobaki ni kuyaandika maamuzi hayo ili mtumishi asiyesinzia ayafanye badala yako.

Kwa hiyo tukitaka warsha ya kweli ya wanaoanza, tuchague kitu kimoja tu cha kutengeneza. Pendekezo langu ni mashine ya kutotolesha vifaranga, ndogo, ya mayai 30. Inadai kazi ya mikono na inadai programu, na hakimu wake hahongwi. Yai linataka nyuzi 37.5 ukiwa na feni ya kuzungusha hewa, siku 21, basi. Joto likizidi sana kwa saa chache, kifaranga kinafia ndani. Likipungua kidogo kila siku, vifaranga vinachelewa, vinatoka vinyonge au havitoki kabisa.

Na hapa ndipo ninapogombana na watu wa kompyuta. Wao wakifundisha, wanaanza na kompyuta. Mimi nasema siku ya kwanza kompyuta isionekane kabisa, na mwalimu awe fundi seremala wa mtaani kwenu. Sanduku la plaiwudi la kuta mbili, katikati umeshindilia maranda ya mbao makavu au foami, mlango unaofunga sawasawa, kioo kidogo cha kuchungulia, matundu machache ya hewa uliyoyatoboa mwenyewe kwa kukusudia. Sanduku linalovuja joto haliokolewi na programu yoyote.

Tupige hesabu, maana wafanyabiashara mnapenda hesabu. Tuseme unatumia taa mbili za indiketa ya gari, volti 12, wati 21 kila moja. Sanduku likiwa zuri, taa zikawaka nusu tu ya muda, kwa siku nzima zinakula karibu ampea-saa 42, na feni bado hujaihesabu. Betri ya sola ya ampea-saa 100 usiishushe chini ya nusu kama unataka idumu, kwa hiyo una siku moja na kidogo bila jua. Sanduku likiwa na nyufa, taa zinawaka muda wote, matumizi yanakuwa 84, na betri inafika nusu kabla siku moja bila jua haijaisha. Kila ufa unaouacha kwenye mbao unaulipia kwa paneli nyingine. Hakuna mtoa mada wa ukumbini atakayekueleza hilo, kwa sababu ukumbini hakuna mbao.

Siku ya pili ni nyaya. Volti 12 tu. Umeme wa nyumbani wa volti 230 unaua, na mtu anayeanza hana biashara ya kuugusa. Ukitaka mashine yako itumie huo, mlipe fundi umeme. Kila mtu akate waya, aumenye, aunganishe, avute aone kama umeshika. Siku hii haina maneno mengi.

Siku ya tatu ndiyo programu. Bodi ninayoipendekeza ni Arduino, na nina sababu. Ilibuniwa Ivrea, Italia, mwaka 2005, kwa ajili ya wanafunzi wa usanifu ambao hawakuwa wataalamu wa umeme, yaani watu kama wewe na mimi. Mchoro wake uko wazi, ndiyo maana bodi za kuiga zipo nyingi Kariakoo kwa bei nafuu kuliko ile ya asili. Kabla ya kugusa kompyuta, darasa zima liseme programu kwa mdomo, kwa Kiswahili, mwalimu aiandike ubaoni:

Pima joto.
Kama joto ni chini ya 37.3, washa taa.
Kama joto ni zaidi ya 37.7, zima taa.
Subiri sekunde 2.
Rudia tangu mwanzo.

Ni mistari mitano. Maneno ya Kiingereza yanayohitajika kuiingiza kwenye bodi ni machache kuliko majina ya dawa za mifugo unayoyajua kwa kichwa. Na mwenye kompyuta au tableti anayetaka kujizoeza nyumbani, programu ya kujifunzia iitwayo Scratch, iliyotolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007, ina Kiswahili kwenye orodha ya lugha zake. Wewe unasogeza vipande tu na kuvipanga.

Lakini mwalimu asiwape watu programu iliyokwisha kamilika. Awaache wakosee. Mtu atauliza: kwa nini namba mbili, 37.3 na 37.7, si ingetosha 37.5 peke yake? Mwambie ajaribu. Atasikia rilei, kile kiswichi kinachowasha na kuzima taa, kikilia tak-tak-tak kama kuku anayedonoa bati, kwa sababu joto linacheza juu na chini ya namba ileile moja kila mara. Hapo ameelewa. Saa nzima ya projekta isingemfikisha.

Kisha mwalimu achomoe waya wa kipimajoto kwa makusudi, taa ikiwa inawaka. Mashine haioni joto tena, kwa hiyo haizimi, na taa inaendelea kuwaka mpaka mayai yaive. Darasa lenyewe litadai mstari wa sita: kama kipimo hakisomeki, zima taa na piga kengele. Ukimwona mama mwenye mtetea kumi nyumbani akiudai mstari huo kwa sauti, ujue umepata mwandishi wa programu.

Kitu kingine ambacho wauzaji wa mafunzo hawakuambii. Kuna vipimajoto viwili vinavyofanana, kimoja cha buluu, DHT11, na kimoja cheupe, DHT22. Cha buluu ni rahisi, lakini kinaweza kukosea kwa nyuzi 2 juu au chini. Kwa somo la ukumbini kinatosha. Kwa yai ni kaburi. Nunua cheupe, ambacho kosa lake ni kama nusu nyuzi, halafu kilinganishe na kipimajoto cha homa cha duka la dawa, kwa kuwa nyuzi 37.5 ni za mwili wa mtu na kile kimetengenezwa kupima hapohapo.

Siku ya nne, mashine ikae usiku na mchana ikiwa tupu, kila mmoja aandike joto kila saa anapokuwa macho. Warsha iwe Juni au Julai, mavuno yamekwisha na vitalu vya tumbaku bado. Baridi ya usiku ya Tabora miezi hiyo italikagua sanduku kuliko mkaguzi yeyote.

Kuna mtu ataniambia: mbona dukani kuna kidhibiti joto kilichokwisha tengenezwa, bei ndogo, hakihitaji programu? Ni kweli, na kama unachotaka ni mashine tu, kinunue leo. Lakini kile kinajua kazi yake moja. Aliyeandika mistari sita mwenyewe kesho ataongeza wa saba umwambie betri inaisha, na msimu ujao ataitoa bodi ileile kwenye sanduku la mayai akaipeleke banini, au kwenye pampu ya bustani ijizime tangi likijaa. Kidhibiti cha dukani kikiharibika unarudi dukani.

Wengine watasema hili haliwezekani bila chuo. Arusha kuna kituo kinaitwa Twende, na mmoja wa waanzilishi wake ni Bernard Kiwia, fundi baiskeli aliyetengeneza chaja ya simu inayoendeshwa kwa kukanyaga baiskeli. Watu wanaingia pale wakashika chuma, mbao na nyaya. Mtendeni tuna maseremala, tuna mafundi redio, tuna vijana wanaotengeneza simu barazani. Hatuna shida ya walimu. Tuna shida ya kuamini kwamba mwalimu ni lazima ashuke kwenye gari lenye kibandiko mlangoni.

Idadi iwe watu 10, wawili wawili, mashine 5. Wakizidi hapo, wengine wanageuka watazamaji. Jumamosi nne ni bora kuliko siku nne mfululizo, kwa sababu katikati mtu anarudi nyumbani, anaharibu, anakuja na maswali ya kweli. Posho hakuna, kila mmoja alete unga au maharage, tupike pamoja. Kuku wa kienyeji wako mikononi mwa kina mama, basi warsha ianze saa nane mchana, si saa mbili asubuhi wakati maji na watoto vinamsubiri. Na kuna sheria moja nitakayoisimamia kwa ukali: kijana aliyemaliza kidato cha nne asishike kibodi mpaka mwenzake ambaye hajawahi kuigusa awe ameandika mistari yote sita mwenyewe, hata akitumia dakika 40. Nimeshuhudia mara nyingi kijana mwepesi akimaliza kazi ya watu wanne kwa dakika tano, wote wakapiga makofi, na aliyejua ni yeye peke yake.

Vyeti sitaki viwepo kabla ya wakati. Siku ya 7 tangu mayai yaingie, tunakutana usiku kuyapima kwa mwanga wa tochi na kutoa yasiyo na mbegu. Mpaka siku ya 18 unayageuza mara tatu au tano kwa siku, kisha unaacha na kuongeza unyevu. Siku ya 21 tunahesabu. Mwenye vifaranga 20 kati ya mayai 30 amefaulu vizuri sana kwa mara ya kwanza. Mwenye 5 tunafungua sanduku lake pamoja na kutafuta kosa liko kwenye mbao, waya au mstari wa programu. Anayetaka cheti baada ya hapo, mtendaji ampigie muhuri, sina ubishi.

Waandaaji wa yale mafunzo ya ukumbini wakikubali mpango huu, nitakuwa wa kwanza kuwapokea, na kikundi kichangie bila kinyongo. Wakikataa, hela yenu inatosha kununulia bodi, vipimajoto vyeupe na rilei za kuanzia.

Vikundi vilivyo tayari vianze sasa kukusanya mbao, maranda na taa za indiketa kwenye gereji. Mayai msikusanye bado: yai la kutotolesha lisizidi siku 7 tangu litagwe, lisioshwe, na likae mahali pa baridi ncha nyembamba ikiwa chini.