Mawe ya Ufukweni Yana Wenyewe



Katika daftari la mihtasari ya kamati ya msikiti wetu limo azimio moja ambalo tumelipiga mstari wa kulitengua, lakini tumeliacha lisomeke. Azimio hilo lilimruhusu fundi kuchukua mawe ya ufukweni kwa ajili ya msingi wa madrasa ya watoto. Tumeona tuwasimulie wasomaji wa safu hii kisa chake, kwa kuwa misikiti mingi ya pwani yetu, kuanzia Kilwa Kivinje hadi Mchinga na Lindi mjini, inaweza kukabiliwa na uamuzi wa namna hiyo.

Hali yetu ilikuwa hivi. Michango ya waumini ilitosha saruji na mabati, lakini haikutosha mawe. Fundi akatuonyesha safu ya mawe ya matumbawe inayoanzia karibu na mikoko na kuelekea baharini, ambayo huonekana maji yakupwapo. Akasema kuwa mawe yale hayana mwenyewe. Nasi tukakubali bila ya kuuliza zaidi. Mashua ilikwishaleta shehena mbili pale bibi mmoja mtu mzima alipofika msikitini baada ya sala ya Alasiri, akamwomba imamu amsikilize. Alisema kuwa njia ile ya mawe ndiyo waliyoipita yeye, mama yake na bibi yake kwenda mwambani kuchokoa pweza na kuokota kome wakati wa bamvua, na kwamba tangu utotoni aliambiwa kuwa ni kazi ya watu wa kale. Kisha akauliza: "Wanangu, hao wajukuu mnaowajengea madrasa mtawajibu nini wakiuliza njia imekwenda wapi?"

Hatukuwa na jibu. Tulisimamisha kazi siku ile ile, kisha tukaanza kusoma na kuuliza.

Wengi wetu tunapoitaja Kilwa ya kale hutaja masultani, dhahabu ya Sofala na safari ya Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331 katika zama za Sultan al-Hasan bin Sulaiman. Hayo ni kweli na ni fahari yetu. Lakini wanaakiolojia waliochimba katika Kilwa Kisiwani, akiwemo Neville Chittick, ambaye kazi yake kubwa ilifanyika katika miaka ya 1960 na kuchapishwa mwaka 1974, walikuta kwamba chini ya mji wa mawe kulikuwa na kijiji cha nyumba za miti na udongo. Wakazi wake walivua samaki na kufua chuma karne kadhaa kabla ya kasri la Husuni Kubwa kujengwa. Kabla mji haujafahamika kwa dhahabu, uliishi kwa samaki na kome.

Hata utukufu uliofuata ulitoka katika ufukwe huo huo. Tazameni Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ambao sehemu yake ya kaskazini ni ya karne ya 11 au ya 12. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe ya kale yaliyochimbwa nchi kavu. Kwa kazi za nakshi, kama vile mihrabu na miimo ya milango, mafundi wa pwani walikata matumbawe hai kutoka baharini, ambayo huchongeka kwa urahisi yangali na maji, kisha hukauka na kuwa magumu. Chokaa iliyounganisha mawe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe. Dari za nyumba zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ya mkoko haiwezi kubeba dari pana mno, vyumba vingi vya majumba ya kale vina upana wa kama mita 2.5 hadi 3 tu, ingawa urefu wake ni mkubwa. Naam, mti wa ufukweni ndio uliopima chumba alicholala tajiri wa Kilwa.

Utafiti wa miaka ya karibuni umesogea kutoka kwenye majumba hadi kwenye maji yenyewe. Mwanaakiolojia Edward Pollard alizichunguza fukwe za Kilwa Kisiwani wakati wa maji kupwa, akaeleza kuwepo kwa njia na majukwaa yaliyojengwa kwa matumbawe juu ya miamba, ambayo aliyaweka katika karne ya 13 hadi ya 16. Kwa maelezo yake, njia hizo huenda ziliwasaidia manahodha kuutambua ukingo wa mkondo wa kuingilia bandarini, na ziliwawezesha watu kutembea hadi mwambani kutafuta riziki. Tulipofika hapo katika kusoma kwetu tulitazamana. Hatuna ujuzi wa kuthibitisha umri wa mawe yetu, lakini maneno ya yule bibi na maneno ya mtafiti yalikuwa yanaelekea upande mmoja.

Katika kisiwa cha Songo Mnara nako, tangu mwaka 2009, Stephanie Wynne-Jones wa Chuo Kikuu cha York na Jeffrey Fleisher wa Chuo Kikuu cha Rice, pamoja na wenzao, wamechunguza mji uliokaliwa kuanzia mwishoni mwa karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 16. Hawakutafuta hazina. Walipima hata kemikali za udongo wa sakafu na viwanja, ili kujua ni wapi watu walifanya kazi zao na ni wapi palikuwa pa kukutania. Waligundua kuwa ndani ya mji ule wa mawe kulikuwa pia na nyumba za udongo. Basi mnyonge naye ameacha ushahidi wake, ila ushahidi wake si ukuta mrefu. Ni rangi ya udongo, mfupa wa samaki na gamba la kome.

Hili ndilo jambo tulilojifunza, nalo ndilo tunalotaka familia zetu zilifahamu. Thamani ya jiwe la kale iko mahali lilipowekwa. Likiwa katika safu yake linaeleza palipokuwa na njia, lilikoelekea na kina cha maji ya zama hizo. Likihamishiwa kwenye msingi wa madrasa linakuwa jiwe tu. Kadhalika gamba la kome lililo katika tabaka lake linaweza kumweleza mjuzi nini kililiwa, zama zipi, na kama mwamba ulikuwa bado na neema au umekwisha kuchoka. Ni sawa na ukurasa uliochanwa katika kitabu: herufi zote zipo, lakini hakuna ajuaye ulitangulia nini na ulifuatwa na nini.

Hasara hii si ya kubuni. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na mawimbi yanayokula ufukwe yalikuwa miongoni mwa sababu. Yalitolewa katika orodha hiyo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuyahifadhi. Mikoko ni miongoni mwa ngao za ufukwe dhidi ya mawimbi hayo. Akataye mikoko kwa ajili ya kuni za tanuru, avuaye kwa baruti na kuuvunja mwamba, na abebaye mawe ya ufukweni kama tulivyofanya sisi, wote wanaifungulia bahari mlango. Na mwamba haurudi upesi: matumbawe ya aina iliyochongwa mihrabu hukua kwa takriban sentimita moja kwa mwaka. Jiwe la nusu mita ni kazi ya miaka 50 ya Muumba, na baruti huimaliza kwa mshindo mmoja.

Wapo waliotuuliza ndani ya msikiti: Je, mtoto wa leo asiye na darasa si bora kuliko jiwe la jana? Swali hili ni zito na hatulidharau. Jibu letu ni kwamba mtoto huyo ndiye mrithi wa jiwe hilo, na si halali kwa walii kuuza mali ya yatima ili amlishe yatima huyo huyo ilhali njia nyingine ipo. Njia ilikuwepo. Ilikuwa ngumu tu.

Wengine walisema kuwa akiolojia ni shughuli ya wageni wanaofukua makaburi ya Waislamu. Hofu ya heshima ya maiti ni hofu ya haki, nasi tunaishika. Lakini dawa yake si kujitenga. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo na vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na inamtaka mchimbaji awe na kibali. Wazee na maimamu wana haki ya kuuliza kibali hicho, kuomba waelezwe kinachotafutwa, na kusimama kidete panapoguswa kaburi. Asiyehudhuria hana wa kumlaumu baada ya mambo kupita.

Qur'ani Tukufu inatuhimiza mara kwa mara kutembea katika ardhi na kuzingatia hali za waliotutangulia, na katika Surat An-Nahl, aya ya 14, bahari imetajwa miongoni mwa neema tulizotiishiwa: chakula, mapambo na njia ya merikebu. Wahenga wetu wa Kilwa walizitumia neema zote hizo, na alama za matumizi yao ni amana mikononi mwetu. Amana haina budi kurejeshwa kwa wenyewe, na wenyewe ni wale ambao hawajazaliwa bado.

Kuhusu yaliyofuata: tumetoa taarifa kwa ofisi ya utamaduni ya wilaya, na mawe ya shehena zile mbili tumeyaweka nyuma ya msikiti, hayaguswi hadi tutakapoelekezwa. Tunajua kuwa hata yakirudishwa ufukweni, hakuna kati yetu anayekumbuka lipi lilikaa wapi. Hilo ni kosa letu na tumeliandika. Madrasa imejengwa kwa matofali ya saruji, nayo ilichelewa. Watoto walisoma chini ya mwembe kwa masika moja zaidi, na siku za mvua walirudishwa nyumbani.

Enyi wazazi, Jumamosi moja ya bamvua wachukueni watoto wenu ufukweni pamoja na bibi zao. Waacheni bibi waonyeshe njia na mafungu, na wataje majina ya kila mahali. Watoto wasiokote kigae wala shanga, bali watazame na kuuliza. Atakayeona ukuta, kaburi au safu ya mawe imeanza kuliwa na maji, atoe taarifa kwa serikali ya kijiji. Nasi wanakamati, kabla ya kuandika kuwa kitu fulani hakina mwenyewe, tuwaulize kwanza wanawake waendao pwani.

Wabillahi tawfiq.