Nyanya za Nyumbani: Tuhesabu Siku za Mchuzi



Ndugu wasomaji, wazazi pamoja na wanafunzi, leo nataka tuzungumze juu ya nyanya tunazopanda nyuma ya nyumba zetu hapa Arua, Koboko na vijiji vya jirani. Huenda mtu akasema, nyanya nazo ni jambo la kuandikiwa makala? Nami namuuliza: ni siku ngapi kwa mwezi nyumbani kwenu hupikwa bila nyanya? Maharagwe yanataka nyanya, angara inataka nyanya, nyama ikipatikana nayo inataka nyanya. Kila siku shilingi zinatoka. Na kiangazi kikiingia, kuanzia Desemba hadi Machi, fungu la sokoni hupungua ilhali bei inapanda. Fedha hizo ndizo zile zile za daftari, sabuni na nauli ya mtoto anayesoma.

Kwa sababu hiyo familia nyingi zina mashina machache ya nyanya uani. Lakini hapo ndipo ubishi unapoanza. Huyu anasema hakuna kama Moneymaker. Yule anasema Rio Grande ndiyo nyanya. Wa tatu anaapa kwamba bila mbegu chotara unapoteza wakati. Wote wanasema kwa uhakika, ila ukiwauliza hesabu, hakuna aliyeandika hata mstari mmoja.

Rai yangu ni hii. Nyanya ya nyumbani isipimwe kwa ukubwa wa kapu la kwanza, wala kwa picha nzuri iliyo kwenye pakiti. Ipimwe kwa siku za mchuzi, yaani siku ambazo chungu kimepikwa bila kununua nyanya, tangu tunda la kwanza hadi shina linapong'olewa. Na kila familia iwe na angalau aina moja ambayo mbegu yake inaitunza yenyewe.

TUZIJUE AINA ZENYEWE

Nyanya zina tabia mbili kubwa. Kuna zinazorefuka bila kukoma, zinahitaji mti wa kuegemea, na huzaa kidogo kidogo kwa wiki nyingi. Na kuna zinazokuwa kichaka kifupi, ambazo matunda yake huiva karibu wakati mmoja kisha shina likachoka.

Moneymaker ni ya kundi la kwanza. Asili yake ni Uingereza, ambako ilipendwa sana na watu waliolima katika nyumba za vioo. Ngozi yake ni laini na ladha yake nzuri, lakini hupasuka mvua ikinyesha ghafla, haivumilii safari ndefu, na magonjwa huipata kwa urahisi.

Roma ni ya kundi la pili. Ilitolewa na Wizara ya Kilimo ya Marekani mwaka 1955. Nyama yake ni nzito, mbegu zake chache, na inafaa kusagwa, kukaushwa au kupakiwa kwenye lori. Rio Grande na Cal J zina tabia inayokaribiana nayo. Marglobe ni ya zamani zaidi. Wizara hiyo hiyo iliitoa mwaka 1925 kwa kuchanganya aina mbili, Marvel na Globe, ikitafuta nyanya inayostahimili mnyauko wa kuvu.

Karibu na kwetu pia kazi imefanyika. Watanzania wana Tengeru 97, iliyotolewa Arusha, yenye ngozi ngumu na inayokaa siku nyingi baada ya kuchumwa. Hapa Uganda watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere waliijaribu na kuieneza aina iitwayo MT 56, kwa sababu inastahimili mnyauko wa bakteria. Halafu kuna chotara kama Assila na Anna, ambazo pakiti zake huandikwa F1, maana yake kizazi cha kwanza cha wazazi wawili tofauti.

Sasa tazama, ndugu msomaji, jinsi kipimo kinavyobadilisha mshindi. Tuseme familia inatumia nyanya 4 kwa siku. Roma imeleta matunda 160, lakini yote ndani ya wiki 3. Katika siku hizo 21 mtakula 84, na 76 zitabaki: za kuuza, kukausha, kumpa jirani au kuoza. Moneymaker imeleta matunda 120 tu, lakini kwa wiki 10, yaani 12 kila wiki. Hizo ni siku 3 za mchuzi kila wiki, na jumla yake ni siku 30. Nambari hizi ni za mfano, lakini zinaonyesha kitu: aliyehesabu matunda atampa Roma ushindi, na aliyehesabu siku za mchuzi atampa Moneymaker. Wote wawili wako sawa, ila mmoja anafikiria soko na mwingine anafikiria chungu. Lazima familia ijue inalima kwa ajili ya nini kabla ya kununua mbegu.

ARDHI NDIYO HAKIMU WA KWANZA

Kabla ya kusifu au kulaumu aina yoyote, tuijue ardhi. Wengi wetu tumeona shina lenye afya linanyauka ghafla, majani yakiwa bado ya kijani, na kumwagilia hakusaidii. Usikimbilie dukani. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi, usubiri dakika chache. Ukiona nyuzi nyeupe zinashuka kama maziwa, huo ni mnyauko wa bakteria. Wanafunzi wa sayansi wanaweza kulifanya jaribio hili nyumbani bila gharama yoyote.

Hakuna dawa ya kupulizia inayouponya ugonjwa huu. Na hapa watu wengi wanapotea: herufi VF kwenye pakiti ya Roma zinahusu minyauko miwili inayoletwa na kuvu. Hazihusu bakteria. Mtu ananunua Roma VF akidhani amepata kinga, anaipanda kwenye ardhi yenye bakteria, inakufa, kisha anasema mbegu ilikuwa mbovu.

West Nile tuna sababu zaidi ya kuangalia ardhi. Kwa miongo mingi eneo letu lililima tumbaku, na tumbaku ni ndugu wa nyanya. Biringanya, pilipili na viazi vya mviringo nao ni wa ukoo huo huo. Magonjwa ya mmoja humwingia mwingine. Pale palipokuwa na tumbaku au biringanya juzi, panda kwanza mahindi au mtama kwa misimu kadhaa. Kama uwanja ni mdogo, jaza magunia udongo kutoka mahali ambapo ukoo huo haujapandwa, uchanganye na samadi iliyooza vizuri. Na mzee anayetumia tumbaku, kwa heshima yake yote, anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa miche, kwa maana kuna virusi vya tumbaku vinavyosafiri kwa vidole hadi kwenye nyanya.

Adui mwingine ni yule kipepeo mdogo ambaye mabuu yake hutoboa majani na matunda. Alitoka Amerika Kusini, akafika Kenya na Tanzania mwaka 2014, na Uganda mwaka 2015. Watanzania walimpa jina la kanitangaze. Hakuna hata moja kati ya aina nilizozitaja inayomzuia. Kukagua majani kila asubuhi na kuyaharibu yaliyotobolewa kunasaidia, na shamba la mashina kumi linakagulika kabla ya chai.

JINSI YA KUSHINDANISHA KWA HAKI

Napendekeza tufanye hivi, kila familia kwa uwezo wake:

1. Chagua aina mbili au tatu tu. Aina sita uani ni vurugu, si jaribio.

2. Panda mashina manne au matano ya kila aina, na uyachanganye. Usiiweke Moneymaker yote karibu na jiko penye majivu, na Roma yote penye kivuli cha mwembe. Mwembe ndio utakaoamua mshindi.

3. Miche yote ikae kitaluni muda ule ule, karibu wiki nne, ihamishwe siku moja, ipate samadi na maji sawa.

4. Mwagilia kwa kiasi kile kile kila siku. Kitako cha nyanya kikiwa cheusi, mara nyingi sababu ni maji ya kubahatisha, leo mengi na kesho hakuna. Zile ndefu kama Roma huathirika zaidi. Maji ya udhu, kwa kuwa hayana sabuni, yanafaa sana. Weka beseni chini ya birika na mashina machache yatakunywa bila kuongeza hata jerikeni moja.

5. Andika kwenye daftari tarehe ya kuchuma, idadi ya matunda mazima, idadi ya yaliyoharibika na sababu yake, na siku ambayo hamkununua nyanya. Aliyekufa naye aandikwe. Daftari linaloandika ushindi peke yake linadanganya.

6. Rudia katika msimu mwingine. Mvua zetu huwa nyingi zaidi kati ya Agosti na Oktoba, na wakati huo magonjwa ya majani hushamiri. Nyanya iliyoshinda Januari kwa kumwagiliwa inaweza kushindwa vibaya Septemba. Kwa hiyo tusiseme "hii ni nzuri". Tuseme "hii ni nzuri kiangazini" au "hii ilivumilia mvua".

Wanafunzi wana nafasi kubwa hapa. Mbegu ikisiwa mwanzoni mwa Novemba, miche huwa tayari shule zinapofungwa, na likizo yote ya Desemba na Januari mnaweza kumwagilia na kukagua. Shida ni kwamba mtarudi shuleni Februari wakati matunda yanaanza kuiva. Msiondoke na daftari. Mkabidhi mama, haboba au mdogo wako anayejua kuandika nambari, na mwonyeshe namna ya kujaza. Hesabu iliyokatika katikati ya msimu haiamui chochote.

MBEGU NI YA NANI?

Kuna wanaosema chotara inazaa zaidi, basi ubishi umekwisha. Mimi sisemi chotara ni mbaya. Anayelima kwa ajili ya soko, mwenye maji na mtaji, huenda chotara ikamlipa, hasa ile iliyotengenezwa kustahimili ugonjwa uliopo kwake. Lakini tujue tunachonunua. Ukipanda mbegu ya tunda la F1, watoto wake hawatafanana: mmoja atafuata huku, mwingine kule. Maana yake kila msimu lazima urudi dukani. Mwaka ambao fedha hazipo, au pakiti iliyopo ni ya kughushi, nyumba haina nyanya.

Moneymaker, Marglobe, Roma, Rio Grande na Tengeru 97 haziko hivyo. Ua la nyanya hujichavusha lenyewe, kwa hiyo aina hizi hubaki zile zile mwaka hadi mwaka hata zikiwa hatua chache kutoka kwa nyingine. Chagua tunda zuri kutoka shina lenye afya, tena lile lililozaa kwa muda mrefu kuliko wenzake. Kamua mbegu na maji yake kwenye kikombe, ziache siku mbili au tatu zichachuke, zioshe, zianike kivulini juu ya sahani, kisha zihifadhi mahali pakavu na uandike jina na mwaka. Tunda moja kubwa hutoa mbegu mia au zaidi. Zinatosha nyumba yako na za majirani.

Ukifanya hivyo kwa miaka michache, ukichagua kila mara shina lililostahimili uwanja wako mwenyewe, unakuwa na nyanya inayoijua nyumba yenu. Hiyo haiuzwi dukani. Pembeni yake panda kila msimu aina moja mpya, chotara au isiyo chotara, uijaribu. Ikiishinda ya nyumbani kwa daftari, ikaribishwe. Ikishindwa, umepoteza mashina matano tu, si shamba zima. Ukitaka ushauri wa mbegu, kituo cha utafiti wa kilimo cha Abi, kilicho chini ya NARO, kiko hapa hapa Arua. Tusiogope kwenda kuuliza, na tukienda na daftari tutauliza maswali ya maana.

Ndugu zangu, tusiwaachie wenye sauti kubwa watuamulie cha kupanda. Udongo wa Koboko si udongo wa bonde la Enyau, na nyumba ya watu kumi si nyumba ya watu wanne. Hesabu ya nyumba yako ndiyo inayokuhusu. Mzazi akimfundisha mtoto kuandika kwa ukweli kwamba leo zimechumwa tano na mbili zimeoza, amemfundisha uaminifu na hesabu kwa pamoja, na chungu kimepata mchuzi.

Basi anzeni na aina mbili na daftari moja. Msimu ukiisha, kaeni na jirani mlinganishe, kisha mbadilishane mbegu.