Al Ras: metro imefika, mpangaji je?

Tangu laini ya kijani ya metro ifunguliwe Septemba 2011, kufika Al Ras kumekuwa rahisi. Unashuka kituoni, hatua chache uko soko la viungo, na la dhahabu si mbali. Sasa majengo mapya ya mradi wa Ithra Dubai yanabadilisha sura ya Deira ya kale.

Mji haukai vile vile, sawa. Lakini mteja haji Al Ras kutazama vioo. Anakuja kwa muuzaji anayemjua na bei ya jumla. Ardhi ya karibu na kituo ikipanda thamani, wa kwanza kubanwa ni huyo muuzaji, maana duka ni la kupanga.

Kwa hiyo, mwenye jamaa mwenye duka au ghala huko amkumbushe: Sheria namba 33 ya 2008 inamtaka mwenye jengo anayetaka kubomoa ajenge upya awe na kibali, na ampe mpangaji notisi ya miezi 12, kwa notari au barua ya rejista. Maneno ya mdomo si notisi. Usikabidhi funguo kwa haraka.