Tuache kuvuta mguu ulioteguka

Mtu akiteguka kifundo cha mguu katika mitaa na vijiji vyetu, majirani humjia na mambo mawili: maji moto na mikono ya kuvuta. Mguu hukandwa, huzungushwa na kuvutwa mpaka usikike ukilia. Mgonjwa akipiga mayowe huambiwa avumilie kwani mfupa unarudishwa mahali pake. Nia ya wanaofanya hivyo huwa njema. Hata hivyo, desturi hiyo inawaumiza watu wetu na inafaa ikomeshwe.

Ukweli ni kwamba katika mteguko wa kawaida hakuna mfupa uliotoka mahali pake. Wayo unapopinduka kwa ndani, kano zilizo upande wa nje wa kifundo, yaani nyuzi ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa, huvutika kupita kiasi au huchanika. Mishipa midogo ya damu hupasuka, na ndiyo sababu mguu huvimba na kugeuka rangi. Basi anayevuta mguu huo anaivuta kano ile ile iliyochanika. Na iwapo mfupa umevunjika bila kujulikana, madhara yake ni makubwa zaidi.

Utajuaje kama umevunjika? Mwaka 1992 madaktari wa mji wa Ottawa, nchini Canada, walichapisha kanuni ambazo hutumiwa hospitalini hadi leo. Ikiwa aliyeumia hawezi kupiga hatua nne, au anasikia uchungu mfupa wa kifundo unapobonyezwa nchani au ukingoni kwa nyuma, anafaa kupigwa picha ya eksirei. Ni vivyo hivyo akisikia uchungu anapobonyezwa mfupa ulio katikati ya ukingo wa wayo, upande wa kidole kidogo. Mguu uliopinda, uliokufa ganzi au uliopoa usingoje kesho.

Dalili hizo zisipokuwepo, mgonjwa anaweza kutibiwa nyumbani. Kwa siku mbili tatu za kwanza aupumzishe mguu. Barafu iliyofungwa kwa kitambaa, au kitambaa kilichochovywa katika maji baridi, iwekwe kwa dakika 15 hivi, mara kadhaa kwa siku. Hiyo hutuliza maumivu. Afungwe bendeji inayovutika kuanzia karibu na vidole kwenda juu, isiwe ya kubana mpaka vidole vife ganzi. Alalapo, mguu uinuliwe juu ya mito. Maji moto, pombe na kukandwa viwekwe kando siku hizo, kwani huweza kuzidisha uvimbe.

Kosa la pili hufanyika uvimbe unapopungua. Kuna wanaorudi uwanjani au shambani siku hiyo hiyo, na kuna wanaokaa kitini mwezi mzima. Wote hukosea. Maumivu yakianza kupungua, mguu unahitaji mazoezi. Chora herufi za alfabeti hewani kwa kidole gumba cha mguu. Ukiweza kukanyaga vizuri, shika ukuta uinue visigino, kisha usimame kwa mguu ulioumia kwa nusu dakika. Mazoezi haya huufundisha mguu upya kujisawazisha, uwezo ambao hupungua mtu akiteguka. Asiyeyafanya huteguka tena mguu ule ule, na baadaye kila jiwe la njiani humwangusha. Mteguko mdogo huweza kupona kwa wiki mbili hivi, lakini ule wa kano iliyokatika huchukua miezi.

Najua wengi watauliza: mama mboga atapumzika vipi ilhali watoto wanangoja chakula? Swali hilo ni la haki. Lakini siku tatu za kuketi kando ya kibanda, mguu ukiwa juu ya kreti, ni nafuu kuliko mwaka wa kuchechemea. Hapa ndipo majirani wanapohitajika, wambebee gunia badala ya kumvuta mguu.

Nao waajiri wakumbuke kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi aliyetumikia miezi miwili mfululizo angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na nyingine 7 kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12, mradi awe na cheti cha daktari. Kumlazimisha mlinzi asimame langoni usiku kucha kwa mguu uliovimba ni ukatili, tena ni hasara kwa mwajiri mwenyewe.

Sisemi wakandaji wetu hawana kazi. Mikono yao huliwaza misuli iliyochoka. Lakini mguu ulioteguka leo si wa kukandwa leo. Tuupe subira, kisha tuupe mazoezi. Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta.