Mkataba wa kumpeleka mama umtaje na mwanawe

NENO LA KIVUKONI
Na Mwanakombo Said

Kila serikali yetu inapotangaza mkataba mpya wa kupeleka Wakenya kazini ng'ambo, mimi hutega sikio nisikie sentensi moja, na bado sijaisikia. Hutajwa idadi ya nafasi, hutajwa mishahara, hutajwa fedha za kigeni zitakazoingia. Ilikuwa hivyo Julai 2021 tulipokubaliana na Uingereza juu ya wauguzi na wahudumu wengine wa afya. Ikawa hivyo Septemba 2024 mkataba na Ujerumani ulipotiwa saini Berlin. Katika kampeni ya serikali ya ajira za ng'ambo, iitwayo Kazi Majuu, ni hivyo hivyo. Sentensi ninayoingoja inamhusu anayebaki nyumbani: mume, mke, mtoto, mama mzee. Atamfuata mtu wake lini, na kwa masharti gani?

Pesa tunazijua. Mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5, kupita mapato ya chai, kupita hata ya utalii. Benki Kuu hutueleza kila mwezi zimeingia ngapi, na viongozi hulisifu jasho hilo kila wapatapo nafasi. Sifa hizo ni za haki. Ila mtu anayesifiwa kwa kutuma pesa ana haki pia ya kutetewa anapomtaka mwanawe.

Nianze na akina mama wanaotunza wazee Uingereza, kwa kuwa wao walifungiwa mlango waziwazi kuliko wote. Februari 2022 nchi ile, ikiwa na upungufu mkubwa wa wahudumu katika nyumba za wazee, iliwafungulia watu wa nje viza ya kazi hiyo. Ni kazi ya kuogesha, kulisha, kubadilisha shuka saa nane za usiku, kumgeuza mgonjwa asiote vidonda vya kulala. Wakenya waliikimbilia. Wako waliokopa, wako waliouza shamba kuwalipa mawakala. Wakati ule mhudumu aliruhusiwa kuwaombea viza mwenzake wa ndoa na watoto.

Tarehe 11 Machi 2024 mambo yakageuka. Anayeingia kwenye kazi hiyo kuanzia siku hiyo haruhusiwi kuandamana na mume, mke wala mtoto. Waliokuwa na viza hiyo kabla ya tarehe ile walibakishiwa ruhusa yao. Kisha Julai 2025 kuajiri wahudumu wapya wa wazee kutoka nje kukasimamishwa kabisa. Kati ya tarehe hizo mbili wapo wanawake walioingia kihalali, wanaolipa kodi, wanaomtunza mama wa mtu mwingine usiku kucha, na hakuna fomu yoyote ya kumleta mtoto wao kama mtegemezi wa viza hiyo. Mimi naliona hilo ni kosa, na nalisema bila kumung'unya maneno. Nchi inayomhitaji mtu kwa kazi ya kulea haiwezi kujifanya haijui kwamba naye ana wa kumlea.

Waingereza wana haki ya kutunga sheria zao. Lakini sheria ile ilibadilika bila nchi yetu kupaza sauti niliyoisikia, wala sikusikia waziri akisimama Bungeni kueleza imewagusa Wakenya wangapi.

Sasa tuje kwa wale ambao sheria inawaruhusu kuomba. Hapa pana jambo linalowakwamisha watu wetu kila siku na huzungumzwa kwa kunong'onezana tu, kana kwamba ni aibu ya familia.

Chukua nyumba ambayo kila mtu wa Likoni ataitambua. Mama ni muuguzi Leeds, Uingereza. Waliachana na baba wa mtoto zamani, bila ugomvi. Mtoto ana miaka 11 na anakaa kwa nyanya yake. Karo hutoka kwa mama. Siku ya kuandikishwa shule alikwenda mjomba, kwa kuwa siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa na nafasi. Mtoto alipougua malaria alipelekwa hospitali na khalati, naye akatia saini. Baba anaishi Malindi. Huja sikukuu ya Idi na nguo mpya, na mara nyingine hulipia madrasa. Kwetu sisi mtoto huyu ana bahati. Amezungukwa na watu.

Sheria ya Uingereza inauliza swali jingine. Mzazi mmoja akiwa kule na mwenzake yuko hai huku nyumbani, aliyeko kule lazima athibitishe kwamba jukumu la mtoto liko mikononi mwake peke yake, au aonyeshe sababu nzito sana za kumfanya mtoto asiachwe alipo. Baraza la rufaa la kule lilifafanua jambo hili mwaka 2006, na ufafanuzi huo unafuatwa hadi leo: haiangaliwi nani anapika na nani anaosha, huangaliwa nani anaamua mambo makubwa ya maisha ya mtoto. Shule ipi, matibabu gani, dini, mahali pa kuishi. Kutuma pesa peke yake hakutoshi.

Ukiisoma kwa makini, tafsiri hiyo ina nafuu ndani yake. Inakubali kwamba mama anaweza kuwa mbali, nyanya akafanya kazi za kila siku, na jukumu likabaki kwa mama. Tatizo ni kwamba karatasi zetu hazisemi hivyo. Fomu ya shule ina nafasi ya mlezi, na hapo pameandikwa jina la nyanya. Kadi ya hospitali ina saini ya khalati. Chifu ameombwa barua, akaiandika kwa moyo mwema: mtoto analelewa vizuri na nyanya yake, na baba husaidia. Chifu anadhani anamtetea mtoto. Anayeisoma mezani ng'ambo, ambaye hajawahi kukanyaga Likoni, anaona mtoto mwenye baba anayehusika na mlezi wa kutosha, na mama aliye mtuma pesa tu.

Na sheria yetu wenyewe inavuta upande mwingine. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa mtoto haki ya malezi na ulinzi wa wazazi wote wawili kwa usawa, wawe wameoana au hawakuoana. Sheria ya Watoto ya 2022 iliendeleza msimamo huo. Ni sheria nzuri, na imewasaidia akina mama wengi waliokuwa wakihangaika na watoto peke yao. Lakini mama yule yule aliyekwenda mahakamani ili baba achangie matunzo, siku ya viza amri ile ya mahakama humgeukia. Inaonyesha kwamba baba yumo. Aliyetii sheria ya Kenya anajikuta amejipunguzia hoja Uingereza, na hakuna aliyemtahadharisha.

Hili ni jambo la serikali kulizungumza na serikali. Mwanasheria wetu anayekaa mezani kujadili mkataba wa wafanyakazi anaweza kueleza kwamba sheria ya Kenya huwapa wazazi wote wawili jukumu kwa usawa, na kwamba ridhaa ya maandishi ya baba, iliyothibitishwa na Mahakama ya Watoto au na kadhi, inapaswa kuwa na uzito unaokubalika pande zote. Aliyepita kwenye mkataba asiachwe ajitetee peke yake kwa barua ya chifu.

Kwa mume na mke kikwazo kikubwa ni mapato. Mkenya aliyepata makazi ya kudumu Uingereza, au uraia, akitaka kumleta mwenzake, lazima aonyeshe mapato ya pauni 29,000 kwa mwaka. Kiwango hicho kilianza Aprili 2024; kabla ya hapo kilikuwa pauni 18,600, tangu Julai 2012. Piga hesabu. Mshahara wa chini wa mtu mzima kule uliopangwa Aprili 2025 ulikuwa pauni 12.21 kwa saa. Aliyefanya kazi kwa kiwango hicho saa 40 kwa wiki, wiki zote 52, alifikisha takriban pauni 25,400. Yaani mtu anayefanya kazi kwa muda wote, kwa mshahara ambao serikali ile ile imeuita halali, haruhusiwi kuishi na mkewe. Mapato ya ajira ya mwenzake aliyeko Kenya hayahesabiwi, hata akiwa mhandisi mwenye mshahara mnono. Akiba inaweza kuziba pengo, lakini asiye na mapato kabisa anatakiwa awe na pauni 88,500 zilizokaa benki miezi sita.

Mahakama ya Juu ya Uingereza ilipoipima kanuni hiyo mwaka 2017 ilikubali kwamba inawaumiza watu wengi, ikaiacha isimame, huku ikisema ustawi wa watoto haukuzingatiwa ipasavyo. Kulikuwa na mpango wa kupandisha kiwango hadi pauni 38,700. Juni 2025 kamati ya washauri wa uhamiaji ilipotoa tathmini yake haikuuunga mkono mpango huo. Hapo angalau pana mlango wa mjadala, na wanaoweza kuugonga ni Wakenya wenye kura kule pamoja na ubalozi wetu London.

Juu ya mapato kuna ada. Ombi la mwenzi kutoka nje lilipangiwa pauni 1,938 Aprili 2025, na ada ya matibabu kwa kipindi cha viza ni pauni 3,105, ambayo hulipwa yote kwa mkupuo siku ya kuomba. Jumla inapita shilingi 800,000 za Kenya kabla hujagusa mtihani wa Kiingereza, kipimo cha kifua kikuu, tafsiri za hati na nauli ya kwenda Nairobi. Ukikataliwa, ya matibabu hurudishwa. Ya ombi imekwenda.

Wazazi ndio wanaonisikitisha kuliko wote. Tangu 2012 mzazi aliyeko huku anaweza kumfuata mwanawe kule kwa makazi ikiwa tu umri, maradhi au ulemavu umemfikisha mahali pa kuhitaji mtu wa kumsaidia kuoga, kuvaa na kula kila siku, na msaada huo haupatikani Kenya hata kwa pesa za mwanawe. Hebu tazama mtego uliomo. Mwana akiwa mtoto mwema, akamwajiri dada wa kumtunza mama Kilifi, amethibitisha kwamba msaada unapatikana. Asipomwajiri, mama anateseka. Mama wa Kiafrika mwenye watoto na wajukuu hawezi kirahisi kuuambia ulimwengu kwamba hana mtu, na kumlazimisha aseme hivyo kwa maandishi ni kumdhalilisha. Kinachobaki ni viza ya matembezi ya miezi sita, kwa mzee ambaye magoti yake hayawezi ndege mara mbili kwa mwaka.

Ghuba nitaipitia kwa haraka kwa kuwa huko hali haina fumbo. Katika Falme za Kiarabu mwajiriwa anayetaka kuleta familia awe na mshahara wa dirhamu 4,000 kwa mwezi, au 3,000 pamoja na nyumba. Mshahara wa yaya wa Kenya haufiki hapo. Mikataba yetu na nchi za Ghuba imekuwa ikipigania pasipoti zisishikwe na mishahara ilipwe, na ni sawa, maana watu wamekufa. Lakini likizo ya kuja kuona watoto, yenye tiketi iliyolipwa na mwajiri na tarehe iliyoandikwa, nayo ni haki ya familia. Iandikwe na isimamiwe.

Ninachokidai kwa Wizara ya Mambo ya Nje na kwa idara yake ya diaspora ni kitu kinachoweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja. Mkataba wowote wa wafanyakazi uwe na kifungu kwamba aliyeajiriwa chini yake atabaki na haki za familia zilizokuwepo siku aliyotia saini, hata sheria ikibadilika baadaye. Kifungu hicho kisomwe hadharani pamoja na idadi ya nafasi. Na kabla mzazi hajapanda ndege, apate ushauri wa kisheria juu ya mtoto anayemwacha, kama anavyopata semina ya jinsi ya kutuma pesa.

Kwa dada na kaka wanaoondoka miezi hii, msisubiri wizara. Ndoa ya kimila au ya kadhi isajiliwe sasa, maana Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa zote zisajiliwe, na cheti kilichotolewa baada ya safari huzua maswali. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kilingane na pasipoti yako herufi kwa herufi. Mwanaisha na Mwana Isha ni watu wawili machoni pa anayekagua. Shuleni jina lako liandikwe kama mzazi, na nyanya aandikwe kama anayekaa naye. Mwalimu mkuu akuandikie wewe, nawe umjibu mwenyewe, na barua hizo zitunzwe. Baba akiridhia, ridhaa yake iandikwe mbele ya hakimu au kadhi mkiwa bado mnasikilizana.

Na anayepanga kuomba ajue kwamba kule umri wa mtoto hupimwa siku ombi linapowasilishwa, na lazima awe hajatimiza miaka 18. Aliye na miaka 17 leo hawezi kungoja mkataba mwingine utiwe saini.