Historia ya Ng'ambo ichorwe kwenye kuta za Ng'ambo

Mgeni anayefika Unguja huoneshwa mji hadi Darajani, kisha hugeuzwa. Amepelekwa Forodhani, ameingia Ngome Kongwe, amepiga picha mbele ya milango ya nakshi, ameshuka ngazi za chumba cha watumwa Mkunazini. Kesho yake anapanda gari kwenda Nungwi au Paje, na Ng'ambo yote anaipita dirishani: Michenzani, Raha Leo, Kwahani, Mwembeladu, Amani. Ni nadra kuambiwa kuwa huku ndiko wanakoishi watu wengi wa mji huu, na kwamba mambo makubwa ya karne iliyopita yalitendeka huku. Linalotuuma zaidi ni kijana wa Amani mwenyewe. Anakwenda skuli kila asubuhi akipita mahali penye historia nzito, na hakuna ukuta unaomwambia kitu.

Tunapendekeza hivi. Historia ya Ng'ambo ichorwe na iandikwe kwenye kuta za Ng'ambo, palepale ilipotokea, kwa Kiswahili kwanza, na fedha ya wageni watakaokuja kuitazama ibaki mtaani.

Atakayeuliza kuna nini cha kuchora, aanze na mwaka 1928. Mwaka huo wakaazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi. Nyumba zilikuwa zao, za fito na udongo, lakini viwanja vilikuwa vya watu wengine, na kodi ilikuwa imewalemea. Maskini wa mjini, wengi wao watoto na wajukuu wa watumwa, walikataa kwa pamoja, miaka mingi kabla ya vyama vya siasa. Mwaka huohuo Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay kurikodi taarabu kwa Kiswahili. Alikuwa mwanamke wa Fumba aliyeanza kwa kuuza vyungu. Santuri zake zilisikika pwani nzima, na nyumbani kwake Ng'ambo watu walikusanyika usiku kumsikiliza akiimba habari za mahakamani, za wenye nguvu waliodhulumu na wanyonge waliokosa haki. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Bi Kidude aliyepokea nyimbo zake aliishi Ng'ambo hiyohiyo; alifariki Aprili 2013, tayari akiwa amepewa tuzo ya muziki ya WOMEX ya mwaka 2005.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, kituo cha redio cha Raha Leo kilitekwa, na kutoka hapo dunia ikasikia kuwa serikali imepinduliwa. Baadaye ukaja mpango wa mji wa 1968, uliotayarishwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Majumba marefu ya Michenzani yakapanda katikati ya Ng'ambo. Nyumba za udongo zikabomolewa, njia mpya zikakatwa, na wananchi wa kawaida wakachimba misingi na kubeba mchanga kwa kazi ya kujitolea. Wapo walioyaona majumba hayo kuwa ukombozi, na wapo waliolilia mtaa wao uliovunjwa. Pande zote mbili zina haki ya kusikika. Mwaka 1970 Uwanja wa Amaan, uliojengwa kwa msaada wa China, ukafunguliwa.

Uwanja huo ni hoja yetu kubwa. Baada ya kukarabatiwa na kufunguliwa upya mwishoni mwa 2023, Amani imekuwa ikipokea wageni ambao Mji Mkongwe haukuwaita. Tarehe 25 Mei 2025 Simba na RS Berkane ya Morocco walicheza hapo mchezo wa pili wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Agosti mwaka huohuo michuano ya mpira ya Afrika, CHAN, ikaleta Senegal, Nigeria, Congo na Sudan. Watu walishuka kwenye magari, wakaangalia mpira, wakapanda magari wakaondoka. Kutoka lango la uwanja hadi Michenzani ni mwendo wa miguu. Kama njia hiyo ingekuwa na kuta zinazosimulia, wengi wangeitembea, na muuza kahawa, muuza urojo na mwenye duka wangepata riziki yao.

Shangani tayari kuna ushahidi kuwa wageni hufuata kumbukumbu za watu. Tangu Novemba 2019 wanalipa kiingilio kuona makumbusho ya Freddie Mercury, aliyezaliwa hapa mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara na kuondoka akiwa kijana. Ni mtoto wa Unguja na tunajivunia. Basi Siti, aliyeishi hapa, akaimba hapa na kuzikwa hapa, anastahili ukuta mkubwa unaoonekana tangu barabarani.

Kwa nini Ng'ambo, na si Mji Mkongwe? Sababu moja ni ya ufundi, na wanaopenda michoro ya ukutani wanapaswa kuijua. Kuta za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa udongo na chokaa. Zinavuta unyevu na kuutoa. Ukizipaka rangi ya plastiki au kuzikandika saruji, unyevu unabaki ndani, plasta inavimba na kubanduka, na ukuta unaoza kimyakimya. Mji huo uko katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na hata hivyo sehemu ya Beit al-Ajaib ilianguka tarehe 25 Disemba 2020 na kuua watu wawili. Hauhitaji mzigo mwingine. Kuta za saruji za Ng'ambo, za majumba, za skuli na za uwanja, zinaupokea mchoro bila kudhurika.

Lakini rangi nayo haidumu. Jua letu huila, masika huiosha, na chumvi ya bahari humaliza iliyobaki. Mchoro usiotengewa fedha ya matunzo utakuwa uchafu baada ya miaka michache. Kwa hiyo tunashauri kazi kubwa zifanywe kwa vipande vya vigae au saruji ya kuchongwa, na rangi itumike pale tu panapokuwa na mtaa uliokubali kuitunza. Mafundi tunao. Wanaochonga milango wapo, na wachoraji wanaouzia wageni picha za twiga na Kilimanjaro, mlima usioonekana kutoka Michenzani, wangefurahi kulipwa kuchora kwao. Mtindo nao tunao: ukuta upangwe kama kanga, wenye pindo pembeni, mji katikati na maneno chini. Mama wa Kwahani atausoma bila kufundishwa.

Mfano wa kazi nzuri uko Mkunazini. Kwenye uwanja wa kanisa la Anglikana, lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, msanii wa Sweden Clara Sörnäs alitengeneza mwaka 1998 sanamu za watu watano waliosimama ndani ya shimo, minyororo shingoni. Hakuna pambo. Mtu anatazama chini na kuelewa. Nguvu ya kazi ile inatokana na mahali ilipo, kwani ingewekwa kwenye bustani ya hoteli ingekosa uzito. Ndiyo maana tunasisitiza kuwa mgomo wa 1928 uchorwe mtaani, redio ichorwe Raha Leo, mpira uchorwe Amani.

Nje ya Afrika, mji mdogo wa Chemainus nchini Kanada ulianza kuchora historia yake ukutani mwaka 1982, wakati kiwanda chake cha mbao kikielekea kufungwa. Kilifungwa mwaka uliofuata. Leo una michoro zaidi ya arobaini, na watu husafiri kwenda kuitazama. Tunaikubali sehemu tu ya mfano huo, kwani hali yetu ni tofauti. Unguja haina njaa ya wageni: mwaka 2023 peke yake waliingia zaidi ya laki sita. Tunachokosa ni wageni hao kuvuka Darajani na fedha yao kuvuka nao.

Sasa jambo gumu. Mwaka 1964 hauwezi kurukwa, na hauwezi kuchorwa kwa shangwe tupu. Kuna familia zilizopata nyumba na heshima, na kuna familia zilizozika watu au ambazo hadi leo hazijui pa kuwazikia. Ukuta usigeuzwe bango la chama chochote. Kila mchoro unaogusa mwaka huo upitiwe na wazee wa pande zote kabla ya fundi kupanda ngazi, na wanaotaka kutaja majina ya ndugu zao wapewe nafasi. Ikichukua miaka mitatu kukubaliana, ichukue. Huku mazungumzo yakiendelea, kuna mengi yasiyo na ugomvi: daraja lililokuwa likivusha watu kabla mkono wa bahari wa Pwani Ndogo haujafukiwa, hospitali ya Mwembeladu walikozaliwa Waunguja wengi, taarabu, mpira.

Wala tusiwauze watu pamoja na kuta. Ng'ambo ni mitaa wanayoishi watu, wenye kuswali, kufua na kupumzika barazani. Mgeni aje na mtembezaji wa shehia hiyohiyo, avae kwa heshima, asipige picha ya mtu bila ruhusa. Sehemu ya ada iingie mfuko wa shehia, na hesabu zisomwe hadharani kwenye mkutano wa mtaa. Bila hesabu hizo, wakaazi wataona magari tu, na watakuwa na haki ya kukasirika.

Nyenzo nyingi zipo. Atlasi ya Ng'ambo, iliyochapishwa mwaka 2019 baada ya wapangaji miji kufanya kazi na wakaazi wenyewe, imeorodhesha majengo na maeneo yenye maana kwao. Nyaraka za Taifa Kilimani zina ramani na picha. Shirika la utangazaji, ZBC, lina sauti. Tunaiomba Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale ithibitishe kila tarehe kabla haijaandikwa, Baraza la Manispaa litoe kuta na bajeti ya matunzo, na Kamisheni ya Utalii iwape vijana wa Ng'ambo mafunzo na leseni za kutembeza wageni kwa ada wanayoimudu. Ukuta wa kwanza uwe Amaan, ambako watu wanajaa tayari.

Na haraka iwepo. Kwahani nyumba za zamani zimekwisha kubomolewa na maghorofa yamesimama. Hatupingi nyumba bora, ila mtaa ukiondoka bila kurikodiwa hauandikiki tena. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1970, alipobeba mchanga wa Michenzani, sasa amepita 75. Kazi ya kwanza, kabla ya kununua hata kopo moja la rangi, ni kumtuma kijana wa mtaa na kinasa sauti akakae barazani na wazee hao, awaulize nani alijenga nini, nyumba ya nani ilisimama wapi, na nani alihamishwa. Masheha wanawajua kwa majina. Wanaweza kuanza wiki hii.